Kumtambua Fukusi wa Kunde na Ndugu Zake: Somo kwa Mnunuzi wa Mikunde, Bagamoyo na Mwambao wa Kaskazini mwa Dar es Salaam

Mbaazi za nazi na maandazi ni kifungua kinywa cha nyumba nyingi za mwambao, na kunde au choroko ndizo kitoweo cha siku ambazo samaki ameadimika au bei yake imepanda. Kwa hiyo mdudu anayekula mbegu hizi hali mali ya mfanyabiashara peke yake. Anakula chakula cha kaya. Katika masoko na magenge yaliyopo njiani kutoka Tegeta na Bunju kupitia Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, malalamiko ya wanunuzi hufanana sana. Mtu hununua kilo tano za kunde zilizoonekana safi, akazitia katika ndoo, na baada ya mwezi akifunua hukuta vumbi, matundu na wadudu wanaotembea. Mnunuzi husema ameuziwa mali mbovu. Muuzaji hujibu kwamba wadudu wametoka nyumbani kwa mnunuzi. Mara nyingi wote wawili wanakosea: mdudu alikuwamo ndani ya mbegu siku ya mauziano, na hakuna kati yao aliyemwona.

Ugomvi huo si jambo kubwa. Jambo kubwa ni hatua inayofuata, yaani pale mwenye kunde anapokwenda kununua vidonge au unga wa sumu usio na jina na kuuweka katika chumba wanacholala watoto. Somo hili limeandikwa ili mnunuzi aweze kumtambua mdudu kabla ya kutafuta dawa, kwa kuwa wadudu hawa, ingawa wanafanana, hawazuiwi kwa njia moja.

Sokoni kila mdudu wa nafaka huitwa fukusi. Jina hilo linatosha kwa mazungumzo, lakini halitoshi kwa utambuzi. Fukusi halisi wa mahindi na mchele ana mkonga mwembamba unaochomoza mbele ya kichwa kama sindano, nao huonekana hata kwa macho matupu. Huyu hazaliani katika kunde wala maharage. Akionekana humo, amepita tu kutoka gunia la jirani. Dumuzi, ambaye wengi humwita skania na ambaye alijulikana nchini kuanzia Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ana umbo la pipa dogo na kichwa kilichofichwa chini ya mabega. Yeye ni adui wa mahindi na muhogo mkavu. Mdudu mwekundu wa unga ni mrefu na bapa, hutembea haraka, naye hufuata mbegu zilizokwisha kuvunjika. Mnunuzi akiwatenga hawa watatu, wanaobaki ndani ya mikunde karibu wote ni wa ukoo mmoja.

Ukoo huo ni wa mbawakawa wa majani. Jina linaweza kumshangaza msomaji, kwa sababu wadudu tunaowazungumzia hawali majani hata kidogo. Zamani wataalamu waliwaweka katika ukoo wa peke yao. Siku hizi wanahesabiwa kuwa tawi la ukoo huo mkubwa lililoacha majani na kuhamia ndani ya mbegu. Ndugu zao waliobaki majanini anawajua kila anayenunua majani ya kunde kwa ajili ya mboga: yale matundu ya mviringo katika jani mara nyingi ni kazi ya mbawakawa mdogo anayeng'aa, mwenye rangi ya machungwa, hudhurungi au nyeusi, ambaye wataalamu humwita Ootheca. Jani lenye matundu yake haliwi na sumu kwa sababu hiyo. Kwa kweli fungu la majani lisilo na tundu hata moja linastahili swali kwa muuzaji: lilipuliziwa nini, na lini?

Alama za ukoo

Mchukue mdudu mmoja, umweke juu ya karatasi nyeupe mahali penye mwanga wa jua. Kamera ya simu ikikuzwa inatosha kuwa kioo cha kukuzia. Mdudu wa mikunde ana mwili mfupi ulionenepa, uliopinda kidogo mgongoni, wenye urefu wa milimita mbili hadi nne. Hana mkonga. Alama iliyo bora kuliko zote iko nyuma: mbawa zake ngumu ni fupi, hazifiki mwisho wa mwili, hivyo ncha ya tumbo hubaki wazi kama mtu aliyevaa shati lililopungua. Mapaja ya miguu ya nyuma ni manene. Ukimgusa hukunja miguu na kujifanya amekufa. Mwache kidogo atainuka na kuendelea na safari.

Akiwa na alama hizo, tazama amezaliwa katika mbegu gani, kisha tazama rangi yake.

Katika kunde, mgeni wa kawaida ni fukusi wa kunde, kwa jina la kitaalamu Callosobruchus maculatus. Rangi yake ni hudhurungi yenye wekundu, na juu ya mbawa ana madoa meusi. Jike ni mweusi zaidi na madoa yake ni dhahiri. Ile ncha ya tumbo iliyo wazi ina weusi pande mbili na mstari mweupe katikati. Dume amepauka. Huyu hula pia choroko, mbaazi, dengu na njugumawe.

Nduguye wa karibu, Callosobruchus chinensis, hupenda choroko na dengu. Ni mfupi na mpana zaidi, na nyuma ya kifua, pale kinapokutana na mbawa, ana vinundu viwili vyeupe. Dume wake ana vipapasio vilivyochanika kama kitana, jambo ambalo halipatikani kwa yule wa kwanza. Kwa mnunuzi wa kawaida kuwatenganisha hawa wawili hakuna faida kubwa, kwa sababu mwenendo wao ni mmoja na kinga yao ni moja. Tumewataja ili mtu asidhani amepata mdudu mgeni.

Katika maharage ya kawaida hadithi ni nyingine. Fukusi wa kunde anaweza kutaga juu ya harage, lakini watoto wake kwa kawaida hufa ndani yake, kwa kuwa harage lina kinga ya asili inayowazuia kusaga wanga wake. Hivyo mwenye kunde zilizobunguliwa hana sababu ya kutupa maharage yaliyokaa rafu moja nazo. Wanaobungua maharage ni wadudu wawili ambao asili yao ni bara la Amerika, kama ilivyo asili ya maharage yenyewe. Wa kwanza, Acanthoscelides obtectus, ana rangi ya kijivu iliyochanganyika na hudhurungi, na ncha ya tumbo lake ni nyekundu au ya machungwa. Hupenda baridi kiasi, naye husafiri katika magunia yanayotoka nyanda za juu. Wa pili, Zabrotes subfasciatus, ndiye aliyezoea joto letu. Ni mdogo sana, wa milimita mbili au mbili na nusu, mviringo kama punje ya mtama. Jike ni mweusi mwenye madoa ya rangi ya maziwa yaliyopangika kukatisha mbawa.

Mwenye mikwaju atamwona pia ndugu mkubwa wa ukoo huu, Caryedon serratus, mwekundu wa kahawia, anayeweza kufika milimita sita au saba, mwenye mapaja mapana kupita kiasi. Huyu hutoboa mbegu ya ukwaju, sehemu ambayo hatuli. Ukwaju wenye matundu ukiwa mkavu na usio na ukungu unaweza kusafishwa na kutumika.

Yai ndilo linaloeleza zaidi

Rangi ya mdudu huweza kumbabaisha mtu. Yai halibabaishi, na mnunuzi anaweza kuliona kabla hajatoa fedha.

Fukusi wa kunde hubandika mayai yake juu ya mbegu kwa gundi, moja moja. Yai lina umbo la ubale mdogo, chini ya milimita moja. Likiwa bichi hung'aa na kuonyesha rangi ya mbegu iliyo chini yake, ndiyo maana hupita bila kuonekana. Baada ya siku tano au sita mtoto hutoboa sehemu ya chini ya yai na kuingia moja kwa moja katika mbegu pasipo kutoka nje, akilijaza ganda la yai kwa unga wa mbegu. Hapo yai hugeuka kuwa nukta nyeupe, kama tone la chokaa. Nukta nyeupe maana yake ni kwamba mtoto yumo ndani. Kuifuta kwa kidole hakumtoi.

Ndani hukua kwa kula. Anapokaribia kutoka hula mpaka chini kabisa ya ngozi ya mbegu, akabakiza utando mwembamba unaoonekana kama kidirisha cha mviringo chenye rangi iliyofifia. Mbegu yenye kidirisha itatoa mdudu ndani ya siku chache. Kisha huusukuma utando huo na kutoka, akiacha tundu la duara safi kana kwamba limetobolewa kwa keekee. Kwa joto la mwambao, safari yote kutoka yai hadi mdudu kamili huchukua takriban wiki tatu hadi nne. Mdudu mzima hahitaji chakula. Huishi wiki moja au mbili, hupandana, na jike huweza kutaga hadi mayai yapatayo 100.

Msomaji na afanye hesabu mwenyewe. Tuseme jike mmoja alitaga mayai 100, nusu yakafa, na nusu ya waliosalia wakawa majike. Baada ya mwezi kuna majike 25. Baada ya miezi miwili, 625. Ndiyo sababu kunde zilizoonekana safi mwanzoni mwa mwezi huwa unga mwishoni mwa mwezi unaofuata, bila mtu yeyote kutenda hila. Tena uambukizo mara nyingi huanzia shambani, kwa sababu jike hutaga juu ya maganda yanayokaukia mitini. Muuzaji anaweza kuapa kwamba ghala lake ni safi, na akawa anasema kweli.

Zabrotes naye hubandika mayai yake juu ya harage. Acanthoscelides habandiki, huyadondosha huru katikati ya maharage, na watoto wake hutembea kutafuta pa kuingilia. Tofauti hii ndogo ina faida kubwa, kama itakavyoonekana.

Namna ya kukagua sokoni

Usitazame juu ya gunia, maana juu hupangwa kwa ajili ya macho. Omba ruhusa ya kuingiza mkono hadi kati: mikunde yenye wadudu wengi huwa na joto, kwa sababu viumbe hai hutoa joto. Chukua konzi moja kutoka ndani, itandaze kiganjani juani, ugeuze mbegu polepole. Katika choroko nukta nyeupe huonekana mara moja juu ya ngozi ya kijani. Katika kunde nyeupe na mbaazi za rangi ya maziwa ni vigumu. Hapo pitisha ukucha, utahisi kijinundu. Vumbi jeupe lililobaki kiganjani baada ya kuzirudisha mbegu ni ushahidi mwingine.

Kipimo nacho kina neno. Mbegu iliyotobolewa ni nyepesi lakini ukubwa wake haukupungua. Anayenunua kwa kopo au kisado hupewa kipimo kilichojaa chenye chakula pungufu, na hasara yote ni yake. Anayenunua kwa mizani angalau hupata uzito aliolipia. Kwa mikunde unayoitilia shaka, dai mizani.

Jaribio la kutia mbegu katika maji ni zuri, ila lisiaminiwe kupita kiasi. Zilizo tupu huelea na zinaweza kuondolewa. Zilizo na mtoto mchanga huzama pamoja na nzima.

Je, zaliwa? Wadudu hawa hawaumi watu na si sumu. Kunde chache zenye matundu zikichambuliwa, zikaoshwa na kupikwa vizuri hazitamdhuru mlaji, ingawa ladha hupungua. Zilizojaa vumbi na uchafu wa wadudu, zenye harufu ya uvundo au zenye ukungu, zisiliwe wala zisisagwe kuwa unga wa watoto. Wasagaji wengine husema unga huficha kila kitu. Ni kweli, huficha kwa macho tu.

Kinga kwa kila mmoja

Njia inayowafaa wote ni kuwanyima hewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, nchini Kameruni, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walifanya kazi na wakulima wa kunde juu ya mdudu huyuhuyu, na kutoka hapo ukapatikana mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya mmoja wa kusukwa. Mifuko ya namna hiyo inauzwa hapa nchini. Wadudu waliofungiwa humaliza oksijeni, huacha kula, kisha hukauka kwa kiu, kwa maana maji ya mwili wao huyapata kwa kuchoma chakula kwa hewa. Nyumbani, chupa ya plastiki ya maji au ndoo yenye mfuniko unaobana hufanya kazi hiyohiyo kwa masharti matatu: mbegu ziwe kavu, chombo kijazwe hadi juu, na kisifunguliwe mwezi wa kwanza. Kufunua kila siku kuchota kikombe ni kuwarudishia hewa. Afadhali chupa ndogo nyingi kuliko ndoo moja.

Wenye jokofu la kugandisha wanaweza kuweka kunde katika mfuko uliofungwa, kilo moja moja, kwa siku tatu au nne. Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huua hata walio ndani ya mbegu.

Kuanika juu ya mkeka huwafukuza wadudu wazima tu, nao huhamia kwa jirani. Joto linaloua ni la nyuzi 57 kwa saa nzima. Hupatikana kwa kutandaza mbegu safu nyembamba juu ya turubai jeusi, kuzifunika kwa plastiki angavu na kubana kingo zake kwa mawe, adhuhuri ya jua kali. Wakati wa masika njia hii haitegemewi.

Kwa fukusi wa kunde, kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kupikia kwa kila kilo, kikichanganywa mpaka kila mbegu ing'ae, huyaziba mayai yaliyobandikwa. Hakimfikii aliyekwisha kuingia, kwa hiyo mafuta ni ya kunde mpya, si ya zilizotobolewa.

Hapa ndipo tofauti ya yai inaporudi. Kama mdudu wa maharage yako ni yule wa kijivu mwenye ncha nyekundu, mtoto wake huhitaji saa nyingi za kujiegemeza kwenye harage la pili ili atoboe. Weka maharage katika chombo kilichojaa nusu, ukiviringishe asubuhi na jioni kila siku. Mtoto hupoteza tundu alilolianza, huanza upya, na hatimaye hufa kwa kuchoka. Hakuna gharama. Lakini kama mdudu ni Zabrotes, au kama mbegu ni kunde, kuviringisha hakusaidii kitu, kwa kuwa yai lililobandikwa ndilo egemeo la mtoto.

Kuhusu vidonge

Vidonge vya kijivu vya fosfidi ya alumini huuzwa kwa ajili ya maghala. Vikikutana na unyevu wa hewa, ambao mwambao hauna uhaba nao, hutoa gesi ya fosfini, yenye harufu kama ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza. Gesi hii hupita chini ya milango, katika nyufa na juu ya kuta zisizofika dari. Katika nchi nyingi imeua familia zilizolala chumba cha pili kutoka palipokuwa na gunia. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa mwilini. Vidonge hivi ni kazi ya mfukizaji mwenye kibali, katika ghala lisilokaliwa na watu. Havina mahali ndani ya nyumba, hata kidonge kimoja, hata katika stoo iliyofungwa. Mtu akipata maumivu ya kichwa, kichefuchefu au kubanwa kifua karibu na mazao yaliyowekwa vidonge, wote watoke nje mara moja, aliyeathirika apelekwe hospitali, na mganga aambiwe jina la kilichotumika. Visimwagiwe maji.

Unga wa kuhifadhi mazao nao ni sumu iliyopimwa kwa zao fulani, kwa kiasi fulani, na kwa muda fulani wa kusubiri kabla ya kula. Ule unaofungwa upya katika vikaratasi hauna maelezo hayo yote. Nunua penye kifungashio cha asili chenye lebo inayosomeka na namba ya usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania. Dawa ya mbu isipuliziwe chakula kwa hali yoyote. Muuzaji wa kunde akikiri kwamba ametia dawa, muulize jina na tarehe. Asipojua, usinunue, hata kama bei ni nzuri.

Anayetaka kulalamika kuhusu mikunde inayonuka dawa au iliyotiwa kitu asichokijua, asiipike wala kuitupa yote. Afunge konzi mbili katika chupa kavu, aandike juu yake tarehe, soko na bei, aiweke mbali na watoto, kisha aipeleke kwa afisa afya wa kata au katika ofisi ya Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula. Kwa kopo au mizani inayopunja, mhusika ni Wakala wa Vipimo. Na anayetaka tu kujua mdudu wake ni yupi, amtie katika chupa ndogo pamoja na mbegu tano alizozitoboa, akamwonyeshe afisa ugani. Mdudu pekee bila mbegu yake humpa mtaalamu kazi mara mbili.